Mfuko wa Gramu Mia Mbili Arobaini na Moja

Bwana Gramu hakuwa mtu wa kunywa kahawa. Alikuwa mtu wa kuipima, na ikishapimwa, kwa kuwa ipo kikombeni na haina pengine pa kwenda, basi anaimeza.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, na yeye, kwa jinsi alivyo, jina lile alilivaa kama nishani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa vipimo: yule mtu anayeingia dukani na sanduku la mawe ya shaba, anaweka jiwe la kilo juu ya mizani yako, anaitazama sindano, halafu anakutazama wewe. Wauza nyama walimjua kwa mwendo. Wauza mchele wakimwona kwa mbali walikumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Hakula rushwa hata ya soda, hilo tumpe haki yake. Lakini samahani ya mtu nayo hakuipokea. Shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, mwenye bucha, alimfungia mizani siku mbili mwisho wa mwezi, watu wakiwa na hamu ya nyama. Jioni yake akaenda kula kwake kama kawaida, akashangaa kukuta sahani zote ni majani matupu.

Alipostaafu, nyumba iliingia matatani. Mzee alianza na mkate: slesi hii nene kuliko ile, kwa nini? Akaja kwenye sabuni ya unga. Akaja kwenye dawa ya meno. Mkewe ni mshonaji, mtu ambaye maisha yake yote amepima watu kwa jicho na nguo zikawakaa, na alivumilia mwezi mmoja na nusu. Kisha akampigia simu binti yao, daktari wa meno. "Mwanangu," akamwambia, "mtafutie baba yako kitu cha kushika mkononi. La sivyo siku moja utakuja kunikuta nimejifungia chooni."

Binti akaleta mashine ya espresso, kinu chake cha kusagia, na mizani ndogo ya dijitali ya ukubwa wa kiganja, inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Alidhani ametatua tatizo, kumbe amelitia umeme.

Kila siku saa moja kamili asubuhi, Bwana Gramu alisimama mbele ya meza ya jikoni na shati lililopigwa pasi. Kibakuli kitupu juu ya mizani, kidole kwenye kitufe, sifuri. Anamimina buni, na mwishoni anadondosha punje moja moja: kumi na saba nukta nane, nukta tisa, kumi na nane. Ikisoma kumi na nane nukta moja, punje moja inakamatwa na kurudishwa mfukoni. Anasaga, anajaza kwenye kile kichujio cha chuma chenye mpini, anagandamiza, anapachika kwenye mashine. Kisha mizani inahama, inakaa chini ya mdomo wa mashine na kikombe juu yake, sifuri tena, na saa inaanza kuhesabu. Gramu thelathini na sita za kahawa zitoke kwa sekunde ishirini na nane. Hiyo ndiyo shoti. Zikitoka kwa ishirini na nne, anamwaga. Zikitoka kwa thelathini na mbili, anamwaga na kununa.

"Umemwaga nini tena?" mkewe huuliza kutoka cherehanini.

"Uongo."

Na mkewe akiletewa ya kwake, iliyopimwa ndani na nje, hutia sukari vijiko vitatu vya kujaa bila hata kuvitazama, akakoroga, akanywa, akasema tamu. Bwana Gramu hugeukia dirishani. Kuna mambo mwanamume hapaswi kuyashuhudia ndani ya nyumba yake.

Buni walinunua mtaa wa pili, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Kahawa. Yeye hukaanga mwenyewe, kwenye pipa la chuma linalozunguka nyuma ya duka, na kuuza katika mifuko ya kaki ya gramu mia mbili na hamsini. Mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa amemposa yule daktari wa meno. Wazazi walikuwa hawajakaa pamoja rasmi, ila siku ilishapangwa, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, nyumbani kwa Mama Kahawa. Mke wa Bwana Gramu alishaanza kujishonea gauni.

Basi wiki mbili kabla ya siku hiyo, kahawa ikaanza kukaba. Bwana Gramu anapima vilevile, anasaga vilevile, lakini mashine inaguna, inatetemeka, na kahawa inatoka tone, tone, kama mtu anayelipa asichokitaka. Sekunde arobaini. Sekunde arobaini na tano. Na ukiionja, chungu kama dawa ya minyoo. Mzee akabadilisha maji. Akalegeza kinu. Akaifungua mashine na kuifunga, na skrubu moja ikabaki mezani. Akamlaumu mkewe kwa kufungua dirisha.

Siku ya nne akafanya jambo ambalo mtu wa kawaida, mwenye shughuli zake, hawezi kulifikiria. Alichukua mfuko mpya wa buni, akaumimina wote kwenye bakuli, akaweka bakuli juu ya mizani, akatoa uzito wa bakuli. Mia mbili arobaini na moja.

Gramu tisa hazipo.

Sasa nataka muelewe vizuri: mzee hakusikitika. Mzee alifurahi. Moyo wake ulipiga kama ambavyo haukuwahi kupiga tangu siku ya kustaafu. Akanyoosha mgongo. Akatafuta miwani yake ya kazini, sio ile ya kusomea gazeti. Hakujiuliza hata mara moja gramu tisa kupungua mfukoni zinahusiana nini na kahawa kukaba kwenye mashine, maana mwizi akishapatikana maswali mengine huwa hayana haraka. Akamtuma mkewe akanunue mfuko wa pili, yeye akaenda kununua wa tatu saa tofauti, akaipima yote miwili bila kuifungua na kutoa uzito wa mfuko mtupu, gramu kumi na moja. Arobaini na moja. Arobaini. Akaifunga kwa gundi ya karatasi, akaandika tarehe, akatia sahihi juu ya gundi. Kielelezo cha kwanza, kielelezo cha pili.

"Mama watoto," akasema, "unamjua huyu mwanamke ni nani?"

"Ni mkwe wetu."

"Ni mwizi wa gramu tisa."

Mkewe akaacha kukanyaga cherehani. "Gramu tisa ni kiasi gani?"

"Nusu ya shoti."

"Basi piga nusu ya kelele. Mwambie taratibu, mkiwa wawili, wiki ijayo tunakwenda kwake."

"Ndiyo maana iwe sasa," alisema Bwana Gramu, na Mungu ananisikia, aliyasema kwa nia njema. "Bora ijulikane mapema tunaozeana na watu wa aina gani."

Jumamosi saa nne asubuhi ndipo duka la Mama Kahawa hujaa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni: vijana wa ofisini, wazee wawili, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Bwana Gramu hakukaa kwenye foleni. Aliipita, akaweka mifuko yake miwili juu ya kaunta, akakohoa kile kikohozi cha kazini, na kwa sauti ya kusomea taarifa akatangaza kwamba bidhaa iliyouzwa katika duka hili kama gramu mia mbili na hamsini imepimwa mara tatu na kukutwa na upungufu wa gramu tisa hadi kumi, kwamba mnunuzi ana haki ya kujua, na kwamba yeye hatazami sura ya mtu wala ujamaa.

Mama Kahawa alikuwa na kichoteo mkononi. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono iliyochomwa na pipa hapa na pale. Alikiweka kichoteo chini polepole.

"Umemaliza, mzee?"

"Nimemaliza."

"Basi toka. Kuna watu nyuma yako."

Hakubisha wala hakulia. Lakini yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa ameshanunua, aliutazama mfuko wake, akaupimapima kwa mkono, akaurudisha juu ya kaunta na kuondoka. Bwana Gramu aliliona hilo, na kusema kweli alitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Jioni binti alikuja, moja kwa moja kutoka kazini, hata koti jeupe hakulivua. Daktari wa meno akikasirika haongei sana; amezoea watu wanaofungua midomo bila kujibu. Alisimama jikoni, baba yake ameketi.

"Baba, nimesikia."

"Wajibu ni wajibu, mwanangu. Hata mjomba wako..."

"Mjomba wangu nimeshampigia simu." Akavuta pumzi. "Nitaolewa na yule kijana. Hilo halijadiliwi. Kinachojadiliwa ni kama wewe utakuwepo. Huyu mama umemwita mwizi mbele ya wateja wake. Ukienda ukamwomba radhi na akakubali, Jumapili ijayo utakaa kwenye kiti cha baba. Usipokwenda, mjomba atakaa. Ameshasema suti anayo."

Bwana Gramu aliwaza yule mwenye bucha, amekaa kwenye kiti chake, na suti, akipokea heshima zake, akitabasamu. Binti alikuwa mmoja tu. Siku alipozaliwa, baba mtu aliambiwa kilo tatu na robo, akaomba mtoto apimwe tena, akiwa na hofu kwamba wamempunja. Tangu siku hiyo hakuna kitu duniani alichokipenda kama yule mtoto, ila hakuwahi kumwambia, kwa kuwa hakujua kinasemwaje.

Na kuomba radhi hakujua pia. Miaka thelathini na mmoja, taarifa elfu na ushei, na hakuna hata moja aliyowahi kuifuta.

"Siwezi kuomba radhi kwa ukweli," akasema. "Ukitaka ushahidi, kaa hapo."

Akaenda chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda. Ni lile la mbao, lenye mawe ya shaba yaliyolala kwenye mahameli, aliyozawadiwa na ofisi siku ya kuagwa. Akalifungua mbele ya binti, akachukua jiwe la gramu mia mbili kwa kibano, maana jiwe halishikwi na vidole, akaiwasha mizani yake ndogo pale ilipo juu ya meza, akaliweka jiwe katikati.

Mia moja themanini na sita.

Akalitoa. Sifuri. Akalirudisha. Mia moja themanini na sita.

Binti alisoma namba ile, akamsoma baba yake.

"Jiwe limelika," alisema Bwana Gramu.

"Shaba imelika gramu kumi na nne? Ndani ya sanduku?"

"Hali ya hewa."

"Hebu subiri kwanza," mkewe akaingilia, kitambaa cha mkono begani, "ngoja nitoe kitambaa changu hicho nikakifue, mmeshaanza kupandisha jazba mtanimwagia kahawa." Akainyanyua mizani kwa mkono mmoja, akavuta kutoka chini yake kile kitambaa chake cha kufuma, cheupe, cha duara. Wiki moja iliyopita alikiweka pale ili mizani isimkwaruzie meza. Alikuwa amekitia wanga, na pindo lake la mawimbi lilikuwa limesimama kuzunguka mizani kama kola ya shati jipya, limeegemea kile kisinia cha kuwekea vitu. Akaishusha mizani juu ya meza tupu. Bwana Gramu, bila kuambiwa, akabonyeza sifuri na kuweka jiwe.

Mia mbili kamili.

Mtu yeyote anaweza kukosea, lakini huyu hakukosea kama mtu yeyote. Huyu alijua. Kitambaa kinachogusa sinia ya mizani kinabeba sehemu ya uzito, na uzito unaobebwa na kitambaa hausomeki. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kuangalia katika kila duka aliloingia. Watu kumi na mmoja aliwahi kuwaandikia faini kwa kosa hilo hilo. Mmoja alilia akisema hakujua, kitambaa kaweka mkewe kwa urembo, na Bwana Gramu akamjibu kwamba mke si utetezi. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na cheti.

Hata kukaba kwa kahawa kukajieleza. Alidhani anapima kumi na nane, kumbe anatia kumi na tisa na zaidi, na kichujio kimejaa mpaka kooni. Alipoihamishia mizani kwenye mashine, kule hakuna kitambaa, inasoma sawa. Ndani uongo, nje kweli.

Binti hakucheka. Alichukua mkoba wake. "Una mpaka Jumapili, Baba," akasema, akaenda zake. Aliyecheka ni mama yake. Alicheka amesimama, akacheka amekaa, mwishowe akacheka ameegemea friji, akijipangusa macho kwa kile kitambaa.

Alipobaki peke yake, Bwana Gramu akauchukua mfuko wenye sahihi yake, kielelezo cha kwanza, akauweka juu ya mizani iliyo sahihi, akatoa gramu kumi na moja za kaki. Mia mbili hamsini na tisa. Akapima wa pili. Hamsini na nane na nusu. Zile tisa alizozikosa zilikuwepo zote, na nyingine tisa juu yake. Mkono wa mtu ukizidisha kwa bahati mbaya huzidisha leo mbili, kesho moja, keshokutwa unapunja. Huu haukuwa mkono uliobahatisha. Usingizi wa siku hiyo haukumjia vizuri.

Jumatatu aliandika barua. Ilikuwa na kumbukumbu namba, na kichwa cha habari: Yah, Marekebisho ya Matokeo ya Upimaji. Mkewe aliisoma akiwa na pini mdomoni, akazitema pini, akaichana barua mara mbili.

"Hamna neno samahani humu."

"Lipo. Aya ya tatu. 'Usumbufu uliojitokeza.'"

"Usumbufu haujajitokeza. Umeupeleka wewe kwa miguu yako. Nenda kwa miguu hiyo hiyo."

Alikwenda Ijumaa, maana kuanzia Jumanne hadi Alhamisi miguu ilikuwa na udhuru. Alichagua saa ya kufunga, duka halina mtu. Mama Kahawa alikuwa anafagia maganda karibu na pipa. Hakuacha kufagia. Rafu nyuma yake ilikuwa imejaa mifuko kuliko alivyowahi kuiona, na Bwana Gramu, ambaye rafu za watu amezitazama maisha yake yote, alijua rafu iliyojaa hivyo maana yake ni nini.

"Nilikosea," akasema, haraka, kama anayetema kitu. "Mizani yangu ilikuwa na hitilafu. Mifuko yako haina upungufu. Naomba radhi."

Mama Kahawa akasimamisha ufagio. "Yale maneno yako ya mwanzo, uliyasema siku gani?"

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na walikuwepo watu."

"Walikuwepo."

"Basi," akasema, akaendelea kufagia. "Leo Ijumaa, na hapa sioni mtu."

Jumamosi saa nne Bwana Gramu alikaa kwenye foleni. Alikuwa wa saba. Foleni ilikuwa fupi kuliko wiki iliyopita, na wale walioko mbele yake walimtambua, wakaanza kunong'onezana. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti kama leo wanapimwa mifuko au wanapimwa wenyewe. Mzee alijifanya kiziwi. Jasho lilimtoka mpaka shati la pasi likamganda mgongoni. Alipofika kaunta, akageuka, akampa Mama Kahawa ubavu na watu uso.

"Kwa mujibu wa upimaji wa marudio uliofanywa..."

"Sema kama binadamu, mzee," mtu akasema nyuma.

Bwana Gramu akafunga mdomo. Akaufungua tena. "Wiki iliyopita nilisimama hapa nikasema huyu mama anapunja. Hapunji. Mizani yangu ilikuwa juu ya kitambaa, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwakamata watu wa vitambaa, sikukiona. Nilimwita mwizi mbele yenu na si mwizi. Mwenye kosa ni mimi." Hapo angeweza kukaa kimya, na salama yake ingekuwa hapo. Lakini kidonda cha mkaguzi hakiponi. Akageuka. "Nilipopima upya nikakuta zaidi. Gramu tisa zaidi, kila mfuko. Hiyo si bahati mbaya. Naomba uniambie kwa nini."

Mama Kahawa aliegemea kaunta.

"Hili duka lilikuwa la mume wangu," akasema. Hakupaza sauti, na watu wakasogea ili wasikie. "Mwaka wetu wa pili, alikuja mkaguzi. Akakuta mizani inapunguza gramu nne. Ilikuwa springi imechoka, mume wangu hakujua, wala mimi sikujua. Mkaguzi akafunga duka siku sita, akabandika karatasi mlangoni, imeandikwa amepunja wateja. Kwa mkono wako, mzee. Naujua mwandiko wako, nimeufuta mlangoni kwa maji ya moto."

Bwana Gramu alimtafuta yule mtu kichwani. Akapekua maduka, milango, nyuso. Walikuwa wengi mno.

"Sikumbuki," akasema.

"Najua. Yeye alikukumbuka. Tulipofungua tena, akaniambia kuanzia leo kila mfuko unaongezwa tisa. Nikamwambia wewe mtu, tutakula nini. Akasema afadhali tule mara moja kwa siku, kuliko mtu aje asimame hapa aniite tena mwizi. Miaka ishirini na miwili. Amekufa bado anaongeza. Mimi nikaendelea, kwa kuwa ndivyo alivyotaka." Akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Na bado ulikuja ukasimama hapo hapo."

Hakuna aliyecheka sasa. Bwana Gramu aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni na kushuka mpaka magotini, na pamoja nayo huzuni kubwa juu ya mtu ambaye hata sura yake hakuwa nayo. Gramu nne. Alikuwa ameandika karatasi ya dakika tano, akaenda kula chakula cha mchana, na mwanamume mmoja akaibeba mpaka kaburini.

"Nisamehe," akasema, na safari hii neno halikutoka haraka. "Na yeye nilitakiwa nimwombe. Nimechelewa." Machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima, na hakuwa na leso, akajifuta kwa mkono wa shati.

Mama Kahawa alitoa mfuko mmoja rafuni, akaufungua, akaumimina kwenye sinia ya mizani ya duka. Mia mbili hamsini na tisa. Kila mtu aliiona. Akachukua kichoteo, akaanza kuzitoa. Hamsini na sita. Hamsini na tatu. Akaweka kichoteo kando, akatumia vidole, punje moja moja. Hamsini na moja. Hamsini kamili. Akazirudisha mfukoni, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili, akausukuma mbele yake.

"Huu wako, mkwe," akasema. "Kesho saa kumi, njoo na mkeo."

Nyuma, yule kijana mwenye mdomo hakuweza kujizuia. "Mama Kahawa, samahani, na sisi? Tisa zetu ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Yaani kwa ajili ya huyu mzee?"

"Kwa ajili ya mume wangu," alisema Mama Kahawa, tayari anavuta mfuko mwingine. "Ameongeza vya kutosha. Nani anafuata?"